Lori Tupu Katika Upepo Mkali

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za malori. Hatusemi juu ya lori lililojazwa hata springi zikalala, maana hilo kila mtu aliogopa. Twasema juu ya lori tupu, au lililobeba mzigo mwepesi, linapokutana na upepo mkali njiani.

Sisi twakaa Boko, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Mtu akisimama Boko Magengeni asubuhi ataona magari ya kila namna yakipita: mabasi, bajaji, pikipiki, magari ya maji, na malori mengi mno. Si mbali nasi, upande wa Tegeta, kuna kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Malori hutoka huko yamelemewa, kisha hurudi matupu. Mengine hubeba mchanga na kokoto. Mengine magodoro, matangi ya plastiki, kreti za chupa tupu, au magunia ya mkaa yaliyopangwa juu hata kukaribia mapaa ya nyumba.

Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu swali jepesi: Siku ya upepo mkali, lori lipi ni la kuogopwa zaidi, lililojaa saruji au lililo tupu? Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba ni lililojaa. Mmoja akaongeza kuwa lori tupu halina hatari ila kelele, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Tulicheka, lakini hatukumpa alama.

Hapana shaka lori lililojaa lina hatari zake. Likishuka mlima huzishinda breki, na likimgonga mtu humponda. Lakini mbele ya upepo wa ubavuni mambo hugeuka. Lile zito husimama, na lile jepesi husukumwa, huyumba, na mwisho laweza kulala chali. Dereva aliyeshusha mzigo wake hujiona amepumzika. Hukanyaga mafuta, hushika usukani kwa mkono mmoja, na huimba. Saa ile ile ndiyo aliyopaswa kuwa macho.

Tuanze na jambo ambalo kila mwanakijiji amelifanya au ameliona. Mtu amenunua bati moja la kuezekea naye amelichukua kichwani. Bati hilo si zito, hata mtoto mkubwa aweza kulibeba. Lakini upepo ukivuma ghafula, bati humzungusha mtu mzima kama pia, au humpeleka hatua tatu kando asikotaka kwenda. Mtu huyo huyo akichukua gunia la mahindi, upepo ule ule hautamtikisa. Kwa nini? Bati ni pana na jepesi, gunia ni zito nalo halina upana mwingi. Upepo hushika upana, na uzito ndio unaomkatalia.

Mwalimu awezaye kupata visanduku viwili vya chaki na awafanyie watoto jaribio hili. Kimoja akijaze chaki, kingine akiache kitupu, kisha avisimamishe vyote viwili mezani kwa kimo chake na kuvipepea kwa jalada la daftari. Kile kitupu kitaanguka upesi. Kile kilichojaa kitasimama. Kisha akilaze kile kitupu kwa ubavu wake mpana na kukipepea tena. Kitateleza bila kupinduka, maana sasa kimo chake ni kifupi na kikalio chake ni kipana. Katika jaribio hili dogo mna habari yote ya lori: upana wa ubavu, uzito, kimo, na umbali uliopo kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani, kabla gari la kwanza halijakanyaga nchi hii. Nahodha wa jahazi akishusha shehena yake yote hakusafiri hivi hivi. Aliteremsha tumboni mwa chombo mawe au mchanga, na vitu hivyo huitwa farumi. Farumi haina faida sokoni, hainunuliwi wala haiuzwi. Kazi yake ni kukikalisha chombo majini ili upepo ukilipiga tanga kisipinduke. Na upepo ukizidi, nahodha alipunguza tanga, au alilishusha kabisa na kungoja. Ngalawa nayo, kwa kuwa ni nyembamba, imepewa zile mbao za pembeni ziizuiazo isilale.

Sasa litazameni lori refu la bodi iliyofunikwa, au tela lenye kontena tupu. Ubavu wake ni tanga, na tena ni tanga lisiloweza kushushwa. Farumi hana, kwa maana mzigo umekwisha shushwa. Mbao za pembeni hana. Nahodha gani wa Bagamoyo angekubali kutweka katika chombo cha namna hiyo siku ya upepo? Lakini dereva hutweka kila siku, tena kwa mwendo ambao jahazi halijauota.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuchukue ubavu wa gari wenye urefu wa meta 12 na kimo cha meta 2 na nusu, yaani meta za mraba 30. Upepo wa kilometa 40 kwa saa ukiupiga ubavu huo sawasawa, wausukuma kwa nguvu iliyo kama uzito wa kilo 230 hivi. Si kitu kikubwa kwa lori. Je, upepo ukiwa mara mbili, yaani kilometa 80 kwa saa? Wengi watasema kilo 460. La. Nguvu ya upepo haikui sawa na mwendo wake, bali hukua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mara mbili ya mwendo ni mara nne ya nguvu. Basi hapo twapata kilo 930 hivi. Na upepo wa kilometa 120, ambao ni mara tatu ya ule wa kwanza, una nguvu mara tisa, karibu kilo 2,100. Tena msukumo huo hauji chini penye magurudumu. Huja juu, katikati ya bodi, kama mtu anayetaka kuangusha nguzo naye hushika juu yake asishike shina.

Na kuna jambo la pili ambalo hesabu hiyo haikulitaja. Upepo haupigi kwa nguvu moja kama maji ya mfereji. Hutulia, kisha hurusha kishindo kimoja, kisha hutulia tena. Gari lililokuwa likisukumwa kidogo kidogo hupigwa mara moja, na dereva aliyekuwa ameukaza usukani kuuzuia upepo hujikuta upepo umekoma ghafula, na gari laenda upande wa pili kwa nguvu ya mikono yake mwenyewe. Wengi huanguka hapo, upepo unapokatika. Na gari likienda mbio, mwendo wake wenyewe huongezeka juu ya upepo, kama vile mwendesha baiskeli aonavyo upepo usoni hata siku iliyo shwari.

Pepo zetu ni zipi? Pwani hii ina kaskazi, ivumayo kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hata Machi hivi, na kusi, ivumayo kutoka kusini na kusini-mashariki kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Zote mbili, zikifika Boko, hutoka upande wa bahari. Mara nyingi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza upepo mkali ufikao kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya meta mbili. Wavuvi husikiliza. Madereva wengi hudhani tangazo lile ni la wavuvi peke yao.

Ziko pia pepo za msiba. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mashambani. Aprili 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi. Na juzi juzi, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika katika Kisiwa cha Mafia. Siku hiyo safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Lakini hatari tunayoizungumza haingoji kimbunga. Hutosha wingu jeusi la mvua lenye upepo wake wa mbele, wa dakika kumi tu, likute gari tupu mahali pa wazi.

Na sasa tuitazame barabara yetu yenyewe, maana hapa ndipo jambo linapotugusa. Barabara ya Bagamoyo hufuata pwani. Mtu aendaye Bagamoyo ana bahari upande wake wa kulia; ajaye mjini anayo upande wa kushoto. Kwetu magari hupita kushoto. Basi lori tupu liendalo Bagamoyo likipigwa na upepo wa bahari, husukumwa kwenda kushoto, yaani pembeni mwa njia, penye waendao kwa miguu, penye wauza matunda, penye watoto wa shule. Na lori tupu lijalo mjini likipigwa na upepo huo huo, husukumwa kulia, yaani katikati ya njia, mbele ya magari yanayolijia. Upepo ni mmoja, hatari ni mbili, na kila dereva apaswa kujua yake ni ipi kabla hajawasha gari.

Pale ambapo nyumba, kuta na minazi vimesimama kati ya njia na bahari, upepo huvunjika. Lakini kuta zikiisha, au pakiwa na kiwanja kitupu, au bonde dogo, upepo hutoka kama maji yapitayo mlango uliofunguliwa. Dereva aliyekuwa salama nyuma ya ukuta hupigwa ghafula. Ni vivyo hivyo anapopishana na basi kubwa: kwa nukta chache basi humkinga, kisha likipita upepo humrudia wote mara moja. Bara nako kuna mahali pa namna hiyo. Makambako na Singida ni nchi za upepo hata wataalamu wamezichagua kwa mitambo ya umeme wa upepo. Na lile daraja la Kigongo na Busisi juu ya Ziwa Viktoria, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa tatu, na juu yake hakuna mwembe wala nyumba ya kumkinga mtu.

Asiyeamini kwamba utupu wenyewe ni hatari, na asikilize kisa hiki cha Japani. Katika mkoa wa Hyogo palikuwa na daraja la reli la chuma, mahali paitwapo Amarube, lenye kimo cha meta 41 hivi juu ya kijiji. Tarehe 28 Desemba 1986 treni ya abiria ilipita juu yake, nayo haikuwa na abiria. Ilikuwa ikirudi tupu. Chombo cha kupimia upepo kilikuwa kimekwisha toa onyo, lakini treni haikusimamishwa. Upepo ukayapiga mabehewa ubavuni, yote saba yakaanguka kutoka darajani juu ya kiwanda cha kusindika kaa. Wafanyakazi watano wa kiwanda walikufa, pamoja na mtumishi mmoja wa treni. Na kichwa cha treni je? Kichwa kilikuwa kizito, nacho kilibaki juu ya reli. Daraja lilikuwa moja, upepo ulikuwa mmoja, saa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uzito na upana.

Tumekwisha sema juu ya kupinduka, lakini twaongeza neno juu ya breki. Breki za lori zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo mzima. Lori likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hukanyaga lami kwa wepesi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu aliyoizoea, magurudumu hukamatwa na kuteleza badala ya kuviringika, na zaidi lami ikiwa na maji. Gurudumu linaloteleza haliwezi kushikilia njia. Upepo ukija saa hiyo, hauna wa kumzuia kulipeleka tela kando.

Basi dereva afanye nini? Kwanza, kabla ya kuondoka asikilize habari za hali ya hewa, kama baharia. Kisha alizunguke gari lake. Turubai lisilofungwa vema ni adui mkubwa kuliko tunavyodhani. Wenyewe tulishuhudia, mwezi mmoja wa kusi, turubai la lori tupu likichomoka kamba ya mbele, likapepea kama bawa, likamfunika mwendesha pikipiki aliyekuwa nyuma. Kijana yule aliingia mtaroni akavunjika mfupa wa bega. Mwenye lori alikwenda zake, pengine hakujua. Kama gari halina mzigo, turubai na likunjwe, lifungwe chini sakafuni kwa kamba mbili au tatu. Yale malori yenye mapazia ya pembeni, yakiwa matupu, ni afadhali mapazia ya pande zote mbili yafunguliwe na kukazwa barabara kwenye nguzo zake, ili upepo upite katikati badala ya kusukuma. Kufungua upande mmoja tu ni kosa, maana gari huwa mfuko.

Kontena tupu lazima lifungwe kwa vyuma vyake vya pembe zote nne. Wako wanaosema, "La nini? Tupu hili halina uzito." Kwa kuwa halina uzito ndipo lifungwe. Kontena lililojaa hukaa kwa uzito wake. Tupu hukaa kwa kufuli tu.

Mzigo mwepesi upangwe chini, uenee sakafuni, usirundikwe mrefu. Magodoro na matangi matupu yana ubaya wa namna mbili: hayaongezi uzito, na huongeza tanga. Aliye na mizigo ya namna mbili, kwa mfano mifuko michache ya saruji na magodoro, aiweke saruji chini na katikati, kisha aifunge isihame. Wengine wametuuliza kama ni vema kutia viroba vya mchanga kwa farumi. Twaona si vibaya, ikiwa vimefungwa na kulazwa chini, na uzito wote haupiti kipimo cha gari. Lakini lililo bora ni kutafuta mzigo wa kurudia, maana huo ni farumi inayolipa. Magari ya maji nayo tusiyasahau, kwa kuwa Boko tunayaona kila siku. Tangi lililojaa nusu si salama kuliko lililojaa, maana maji hukimbia upande huu na upande ule. Upepo ukilisukuma gari kushoto, maji nayo hukimbilia kushoto kuusaidia.

Njiani, dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Ndilo tanga pekee ambalo dereva aweza kulishusha. Ashike usukani kwa mikono miwili, aurekebishe polepole, asiutupe. Aache nafasi kubwa mbele yake. Asipite pikipiki, baiskeli wala bajaji kwa karibu, kwa kuwa lori lenyewe laweza kuyumba, na vyombo vile vidogo vyaweza kuyumba zaidi vitokapo katika kinga ya lori. Na atazame alama za upepo mbele: nguo kwenye kamba, moshi wa jikoni, vumbi la uwanjani, vichwa vya minazi.

Mtu mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alitunga mwaka 1805 kipimo cha kujua nguvu ya upepo kwa kutazama tu, nacho hutumika hata leo. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukiwa taabu kushika, upepo ni wa kilometa 39 hata 49 kwa saa. Miti mizima ikiyumba na mtu akitembea kwa shida kuuelekea upepo, ni kilometa 50 hata 61. Vitawi vikivunjika na kuanguka, ni 62 hata 74. Kwa shauri letu, dereva wa gari tupu lenye ubavu mpana aonapo miti mizima ikiyumba, na aanze kutafuta mahali pa kusimama. Na aonapo vitawi vikivunjika, awe amekwisha simama.

Kusimama nako kuna adabu yake. Asisimame darajani, wala juu ya tuta la wazi, wala chini ya mti mkubwa, bango la matangazo au nyaya za umeme. Atafute upande wa chini wa jengo imara, au auelekeze uso wa gari kwenye upepo, maana uso ni mwembamba kuliko ubavu. Asiegeshe ubavuni mwa lori jingine tupu. Vile vipembetatu vya onyo viwekwe mbali nyuma ya gari, tena viegemezwe ili visiruke. Aliyetumia mawe ayaondoe atakapoondoka. Mawe ya dereva wa jana yamemwangusha mwendesha baiskeli wa leo.

Na sheria yasemaje? Kwetu watu wengi wakisikia sheria na lori hufikiri mizani. Ni kweli, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, yaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lori tupu hupita mizani likicheka. Lakini mizani haipimi upepo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwachi dereva kwa sababu gari lake ni tupu. Mwendo wa gari kubwa la mizigo usipite kilometa 80 kwa saa, na penye makazi ya watu usipite 50. Mwendo huo ni wa juu kabisa, si wa lazima. Aendeshaye kwa hatari, hali ya njia ilivyo ikitazamwa, ana kosa hata kama kipimo chasoma 70. Hawezi kumwambia hakimu kwamba upepo ndio ulioendesha gari.

Lakini tukimlaumu dereva peke yake tutamdhulumu. Madereva wengi hulipwa kwa tripu. Asimamapo saa mbili nyuma ya ghala kungoja upepo upungue, hizo ni saa zilizotoka mfukoni mwake, na simu ya tajiri wake hulia ikiuliza amelala wapi. Twaona tajiri ampaye dereva ruhusa ya kungoja amelinda mali yake mwenyewe, maana lori lililopinduka halilipi tripu yoyote. Jambo hili lingefaa lisemwe waziwazi siku ya kuajiriwa, mbele ya utingo pia, ili siku ya upepo pasiwe na mabishano ya simu.

Twataja na wale wapandao juu ya malori matupu, vibarua na wakati mwingine watoto wa shule waombao msaada wa njia. Bodi tupu haina cha kumshika mtu. Siku ya upepo mtoto na atembee, hata akichelewa darasani. Mwalimu mwenye akili hatamwadhibu.

Na waendao kwa miguu Boko wajue upande wao. Upepo wa bahari ukivuma kwa nguvu, upande wa bara ndio upande ambao malori yaendayo Bagamoyo husukumwa. Ni afadhali kupita upande wa bahari, tena mbali na ukingo wa lami, kwa kuwa huko upepo waweza kumsukuma mtu mwenyewe kuingia njiani, hasa akiwa na mwavuli au mzigo mpana kichwani. Aliye na bati na angoje.

Jirani yetu mmoja ni dereva wa siku nyingi, na baba yake alikuwa baharia. Mwaka huu, siku moja ya kusi, tulimkuta ameegesha lori lake tupu nyuma ya ukuta mrefu, uso ukielekea baharini, naye ameketi kivulini na utingo wake wakinywa kahawa. Tukamuuliza kama gari limeharibika. "La, Mwalimu," akajibu, "gari zima kabisa. Nimeshusha tanga tu." Simu yake ililia mara mbili, akaitazama, akairudisha mfukoni. Saa kumi na moja jioni minazi ilipoacha kuinama, aliukunja mkeka wake, akazikagua kamba, akaondoka polepole kuelekea Bunju.